Utafiti wa Mwanafunzi Kuhusu Mipango Miji, Jamii na Mazingira: Mwongozo Kamili Kuanzia Swali Hadi Ripoti

Mwanafunzi anayeanza kuutafiti mji hukabiliwa na ugumu mmoja kabla hajaandika lolote: mji una kila kitu. Una barabara, taka, mafuriko, kelele, nyumba zilizojengwa bila michoro, miti iliyokatwa, na maelfu ya watu ambao kila mmoja ana maelezo yake kuhusu chanzo cha hayo yote. Ndiyo maana vichwa kama "Athari za ukuaji wa miji kwa mazingira na jamii" huonekana kila mwaka, na ndiyo maana kazi nyingi za namna hiyo huishia kurudia yale ambayo kila msomaji alikwishayajua.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba utafiti wa mwanafunzi huwa na thamani pale unapofuata uamuzi mmoja kuhusu matumizi ya ardhi, katika eneo ambalo mtafiti anaweza kulizunguka kwa miguu, mpaka pale uamuzi huo unapobadilisha maji, hewa, joto au udongo na kuwagusa watu wanaoweza kutajwa ni akina nani. Hojaji, ramani na picha za setilaiti ni vyombo vya kufuatia mnyororo huo, wala haviwezi kuziba pengo la swali lisilokuwepo.

Hatua ya 1: Kuibana mada mpaka iwe swali

Mada hutaja jambo, lakini swali huonyesha uhusiano ambao ushahidi unaweza kuuthibitisha au kuukanusha. "Mafuriko mijini" ni mada. Swali ni kama hili: je, kaya zilizo upande wa chini wa kalvati fulani (njia ya kupitishia maji chini ya barabara) huingiliwa na maji mara nyingi kuliko zilizo upande wa juu, na je, hali ilikuwa hivyo hata kabla kalvati hilo halijajengwa? Swali hili lina mahali, lina pande mbili za kulinganishwa, lina wakati wa kabla na wa baada, na lina kitu cha kuhesabu. Kulipata, andika sentensi moja inayojibu mambo manne: nani aliamua nini kuhusu ardhi, kitu gani katika mazingira kinadhaniwa kubadilika kwa sababu hiyo, akina nani wanaguswa, na ushahidi gani utapatikana kwa muda na fedha ulizo nazo. Sentensi ikikwama kwenye jambo lolote kati ya hayo, mada bado haijakomaa.

Mfano wa pili ni upanuzi wa barabara uliosababisha miti ya kando kukatwa. Uamuzi unajulikana, badiliko la mazingira ni kupotea kwa kivuli na kupanda kwa joto la njia ya waenda kwa miguu, watu ni wanaotembea kwenda kazini na wanaofanya biashara kando ya barabara, na ushahidi ni vipimo vya joto, hesabu ya wapitao na mahojiano. Kazi hiyo inawezekana katika muhula mmoja. Kutafiti "mabadiliko ya tabianchi katika jiji" hakuwezekani.

Yako maswali ya kuachwa mapema. Achana na swali ambalo jibu lake halina ubishi, mfano kama taka zina madhara. Achana na swali linalotegemea kumbukumbu ambazo hutaruhusiwa kuzifungua, hasa za wagonjwa. Na ujihadhari na swali lililokwisha kubeba suluhisho ndani yake, kwa sababu mtafiti anayeuliza "elimu kwa umma itapunguzaje utupaji taka ovyo" amekwisha kuamua kwamba tatizo ni ujinga wa wakazi, kumbe huenda hakuna gari la taka linaloweza kupenya vichochoro vyao.

Nguvu ya swali finyu inaonekana vizuri katika uchunguzi wa daktari John Snow kuhusu kipindupindu katika kitongoji cha Soho, London, mwaka 1854. Alihusisha vifo na bomba moja la mkono la kuvutia maji katika Broad Street, akaonyesha kwenye ramani mahali vifo vilipotokea, kisha akafanya jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka: aliwafuatilia waliokwenda kinyume na dhana yake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani hawakuugua kwa wingi, na ikaonekana kwamba hawakuwa wakinywa maji ya bomba lile. Mjane aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa, na ikaonekana kwamba alikuwa akipelekewa maji ya bomba lilelile. Kwa hiyo, unapoandika swali lako, andika papo hapo ni nani angekuwa kinyume na matarajio yako, na utampata wapi.

Hatua ya 2: Kulitembea eneo kabla ya kuandika andiko la utafiti

Kuna mazoea ya kuandika andiko lote maktabani na kwenda eneo la utafiti baada ya andiko kupitishwa. Ni mazoea mabaya. Tembea kwanza, bila hojaji, kutoka sehemu ya juu ya eneo hadi ya chini, ukifuata njia ambayo maji ya mvua huipita. Rudi saa tofauti na siku tofauti, kwa kuwa mtaa wa saa nne asubuhi siku ya kazi si mtaa wa saa kumi na mbili jioni mwisho wa juma. Chora ramani ya mkono, hata ikiwa mbovu, na utie alama kwenye kila kitu kinachohusiana na swali: mitaro na mahali inapokatika, mashimo ya taka, miti mikubwa, kuta mpya, sehemu ambazo watu hukaa.

Katika mfano wa mafuriko, kuta za nyumba huwa na kumbukumbu nyingi kuliko ofisi nyingi. Tafuta mstari wa kahawia uliobaki ukutani, plasta iliyobanduka kuanzia kimo fulani kushuka chini, kizingiti kilichoongezwa matofali, au tuta la saruji mbele ya mlango ambalo halikuwa sehemu ya nyumba ilipojengwa. Pima kimo cha kila alama kwa futi kamba, na umwulize mwenyeji ni ya mvua ya mwaka gani. Jihadhari na kosa moja hapa: alama ya sentimita 40 kwenye nyumba moja na ya sentimita 70 kwenye nyumba nyingine haziwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa sababu ardhi imeinama. Waashi hulitatua jambo hili kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila kuacha mapovu. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja hata ncha zikiwa nyumba tofauti, nawe unapima kila alama iko juu au chini ya usawa huo kwa kiasi gani. Kifaa hiki ni rahisi kukipata, na kwa umbali wa nyumba chache kinaaminika kuliko ramani yoyote ya mwinuko utakayoipakua mtandaoni.

Hatua ya 3: Kusoma mpango uliopo na kuulinganisha na hali halisi

Mji hauwi vile ulivyo kwa bahati. Hata makazi yaliyokua bila kupangwa yamekua katika nafasi zilizoachwa na maamuzi ya mtu mwingine. Tafuta mpango mkuu wa mji, michoro ya matumizi ya ardhi, sheria ndogo za ujenzi na usafi, mihtasari ya vikao na, ikiwa kulikuwa na mradi mkubwa, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Kwa kila waraka andika tarehe tatu kama zinapatikana: ulipoandaliwa, ulipoidhinishwa na ulipoanza kutumika, maana mara nyingi nyumba zinazoitwa "zilizojengwa kinyume na mpango" zilitangulia mpango wenyewe.

Kisha linganisha mchoro na ardhi, ukitafuta tofauti za aina tatu: kilichopangwa lakini hakikujengwa, kilichojengwa ambacho hakikupangwa, na kilichojengwa kama kilivyopangwa lakini kinatumika vingine. Aina ya tatu husahaulika, nayo ndiyo yenye habari nyingi. Eneo la wazi lililogeuka maegesho halikiuki mstari wowote wa mchoro, ila limewanyima watoto uwanja na limeongeza eneo lisilonyonya maji.

Kuhusu ushirikishwaji, usiandike kwamba "wananchi walishirikishwa" kwa sababu umeona karatasi ya mahudhurio. Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu Mmarekani wa sera za umma, alipanga ushirikishwaji katika ngazi nane, kuanzia kuwahadaa wananchi chini kabisa hadi wananchi kushika mamlaka juu kabisa, huku kupashwa habari na kuombwa maoni kukiwa katikati, mahali ambapo watu husikilizwa bila uhakika wa kuzingatiwa. Njia ya kujua mpango unasimama wapi ni kuweka mchoro wa kabla ya kikao kando ya mchoro wa baada yake. Kama hakuna mstari uliosogea, hilo ni tokeo la utafiti, na linastahili kuandikwa.

Hatua ya 4: Vibali, ridhaa na usalama wa wanaokueleza

Taratibu za vibali hutofautiana, lakini kwa kawaida utahitaji barua ya chuo, idhini ya mamlaka ya eneo, na idhini ya kamati ya maadili pale chuo kinapokuwa nayo. Omba mapema kuliko unavyodhani inafaa. Kupitia kwa viongozi wa mtaa ni adabu na ni ulinzi kwako, ila usikubali kiongozi akuchagulie nyumba za kuhoji au asimame kando yako wakati unauliza kuhusu huduma ambazo yeye anazisimamia.

Ridhaa ina maana kwamba mhojiwa anajua wewe ni nani, unataka nini, majibu yatakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati bila hasara. Mweleze pia kwamba wewe si mgawaji wa misaada wala mpima viwanja. Jambo hili la mwisho si dogo, kwa kuwa mtu mwenye karatasi na kifaa cha kupimia, katika eneo lenye mashaka ya umiliki, huibua ama matumaini ya fidia ama hofu ya kubomolewa, na vyote viwili huharibu majibu.

Hapa ndipo utafiti wa mji unapotofautiana na tafiti nyingine nyingi za wanafunzi: ramani yaweza kumdhuru mtu hata isipotaja jina lake. Nukta inayoonyesha choo kinachomwaga maji mtoni, nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya mto, au muunganisho wa maji usio rasmi, humtambulisha mwenyewe mara moja. Katika ripoti, unganisha nukta kuwa maeneo, au zisogeze makusudi kwa umbali unaoutaja wazi, na uhifadhi faili la mahali halisi peke yake lenye neno la siri. Upande mwingine, kutokuwepo kwenye ramani nako kuna gharama. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za umma mpaka mwaka 2009, vijana wa huko walipoanza kuichora wenyewe kwa kutumia ramani huria ya OpenStreetMap. Ni busara basi kuwauliza wakazi ni vitu gani wanataka vionekane na vipi vibaki kwao, badala ya kuamua hayo ukiwa kwenye meza yako.

Hatua ya 5: Kuchagua sampuli

Mwanafunzi huulizwa na msimamizi "sampuli yako ni ngapi?" mapema mno. Swali la kwanza ni "sampuli ya nini?" Nyumba moja inaweza kuwa na kaya nne za wapangaji, na mwenye nyumba akawa anaishi kwingine. Amua kama unachunguza nyumba, kaya au mtu mmoja mmoja, na usibadilishe katikati ya kazi.

Kwa idadi, fomula inayotumiwa sana vyuoni ni ya mwanatakwimu Taro Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo N ni idadi yote na e ni kiwango cha kosa unachokivumilia. Eneo likiwa na kaya 1,200 na kosa likiwa asilimia 5, hesabu ni 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025), yaani 1,200 ÷ 4, sawa na kaya 300. Kaya 300 ni nyingi kwa mtu mmoja. Hakuna aibu kutumia 100, mradi uelewe kwamba asilimia utakazozitoa zinaweza kupanda au kushuka kwa takribani asilimia 10, hivyo tofauti ya asilimia 52 dhidi ya 47 haina la kusema. Tena, ukilinganisha pande mbili za kalvati, kila upande unahitaji sampuli yake ya kutosha. Mia moja waliogawanywa vibaya, 85 kwa 15, hawalinganishi kitu.

Pasipo orodha ya kaya, itengeneze. Fungua picha ya angani, hesabu mapaa ndani ya mpaka wako, yape namba, kisha chagua kwa nasibu kwa kutumia lahajedwali. Picha ikiwa ya zamani, thibitisha kwa kutembea. Ukikuta mlango umefungwa, rudi saa nyingine na siku nyingine kabla ya kuifuta nyumba hiyo, na uandike ni milango mingapi haikufunguka kabisa. Kumhoji jirani aliyekaa nje ni rahisi, lakini wanaopatikana nyumbani mchana hutofautiana na walio kazini kwa umri, kwa kipato na kwa muda wanaoishi na moshi, joto au kelele unayoichunguza.

Hatua ya 6: Kuuliza, kusikiliza na kutazama

Hojaji nyingi huharibika kwenye sentensi zake. Chukua swali hili: "Je, unakubali kwamba mamlaka imeshindwa kuzoa taka na kuhatarisha afya za wananchi?" Linamwelekeza mhojiwa kwenye jibu, linaunganisha mambo mawili ambayo yanaweza kujibiwa tofauti, na linampa neno zito ambalo hakulitumia yeye. Liweke kando, uulize: "Mara ya mwisho taka za hapa nyumbani zilichukuliwa lini?", kisha "Nani alizichukua?", kisha "Zilikuwa zimekaa siku ngapi?" Majibu ya maswali hayo matatu yanaweza kuhesabiwa, nawe ndiye utakayeamua baadaye kama huduma imeshindwa.

Kumbukumbu za watu hazifuati kalenda. Ukiuliza mafuriko yalitokea mara ngapi katika miaka mitano, utapata namba za kukisia. Ukiuliza kama yalikuwa kabla au baada ya uchaguzi, ya kuzaliwa kwa mtoto wa mwisho, au ya kujengwa kwa ukuta wa jirani, utapata tarehe unayoweza kuilinganisha na kumbukumbu za mvua. Jaribu hojaji kwa watu wachache walio nje ya sampuli, na ufute kila swali ambalo hujui utaliweka kwenye jedwali gani. Dakika 20 zinatosha kwa hojaji nzima. Programu huria kama KoboToolbox huwezesha kujaza hojaji kwenye simu hata bila mtandao, jambo linalopunguza makosa ya kunakili.

Kwa majadiliano ya vikundi, tenganisha watu ambao mmoja ana nguvu juu ya mwingine. Mpangaji hatasema choo kinavuja mbele ya mwenye nyumba. Wanawake wanaochota maji na vijana wanaookota chupa huliona eneo kwa namna ambazo wazee wa kikao hawazioni, na kinyume chake.

Kipo chombo kimoja ambacho ningekitumia karibu katika kila utafiti wa aina hii: mpe mkazi karatasi tupu na umwombe achore eneo lake. Mpangaji miji Kevin Lynch alifanya hivyo katika Boston, Jersey City na Los Angeles, na mwaka 1960 akaeleza kwamba watu huushika mji akilini kwa vitu vya aina tano: njia, kingo, maeneo, makutano na alama. Tazama kipi kimechorwa kikubwa kuliko kilivyo, na kipi kimeachwa. Ukiona mto unaopita katikati ya mtaa haumo kwenye michoro ya vijana ila umo kwenye ya wazee, umepata jambo ambalo hojaji isingelifichua.

Kutazama nako kuna utaratibu wake. Keti mahali pamoja, hesabu wapitao na waliokaa kwa vipindi vinavyolingana, kwa mfano dakika 10 za mwanzo za kila saa, ukitenganisha walioketi kivulini na walio juani. William H. Whyte, mwandishi na mtafiti wa maisha ya mjini, alitumia kamera na hesabu za namna hiyo katika viwanja vya New York miaka ya 1970, na hitimisho lake likawa jepesi la kushangaza: watu hukaa palipo na mahali pa kukaa. Usahili huo haukupunguza uzito wa kazi yake, kwani mji ulibadilisha kanuni za viwanja hivyo.

Hatua ya 7: Kupima mazingira bila kujidanganya

Kipimo cha mvua ndicho rahisi kuliko vyote, nacho huleta hesabu yenye nguvu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 50, mvua ikiwa milimita 40, humwaga takribani lita 2,000. Nyumba 30 za aina hiyo zinazoelekeza maji kwenye mtaro mmoja huupelekea lita 60,000, kabla hujahesabu nyua zilizosakafiwa. Mwanafunzi anayeweza kuandika hivyo, akaongeza upana na kina cha mtaro alivyovipima mwenyewe, amekwisha kuzungumza lugha ambayo mhandisi wa mji hawezi kuipuuza.

Joto linahitaji uangalifu zaidi. Weka kipimajoto kivulini, mahali hewa inapopita, mita 1.5 hivi kutoka ardhini, na ukiache kitulie kabla ya kusoma. Ukitumia viwili, vikae kwanza pamoja ili ujue vinapishana kwa kiasi gani. Pima usiku pia. Luke Howard, Mwingereza aliyechunguza hali ya hewa na aliyelinganisha vipimo vya London na vya mashambani mwanzoni mwa karne ya 19, aliona kwamba mji una joto zaidi na kwamba tofauti hukua usiku, kwa sababu kuta na barabara huachia polepole joto zilizolihifadhi mchana. Anayepima saa saba mchana peke yake anaweza kuhitimisha kwamba hakuna tatizo.

Picha za setilaiti hupatikana bure: Landsat ilianza kupiga picha mwaka 1972, na Sentinel-2 mwaka 2015. Zinafaa sana kuonyesha uoto uliopotea na mji uliotanuka kwa miongo kadhaa. Lakini nukta moja (pikseli) ya picha ya Sentinel-2, hata katika mikanda yake ya mwanga inayoonyesha kwa undani zaidi, hufunika mita 10 kwa 10, kwa hiyo mti mdogo wa uani hauonekani. Joto linalosomwa na Landsat 8 ni la uso wa vitu, yaani paa na lami, tena la asubuhi wakati setilaiti inapopita. Si joto la hewa ambayo mtu anaivuta kitandani usiku. Ramani ya mwinuko iliyopigwa kutoka angani mwaka 2000 inaweza kupotoka kwa mita kadhaa, na katika mtaa tambarare upotofu huo ni mkubwa kuliko kina cha mafuriko yenyewe. Kwa kuchora na kuchambua ramani, programu huria ya QGIS inakidhi karibu kila hitaji la mwanafunzi.

Kwa hewa, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembe laini zinazoelea hewani (PM2.5) zisizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa saa 24. Vifaa vya bei nafuu huyumbishwa na unyevu, na vipimo vya wiki moja havilinganishwi na wastani wa mwaka. Vitumie kulinganisha mahali na mahali kwa wakati mmoja.

Hatua ya 8: Kuchambua

Anza na jedwali dogo kabisa linalojibu swali lako: pande mbili, idadi ya kaya, ngapi zimeguswa. Jedwali hilo lisipoonyesha kitu, takwimu ngumu hazitaliokoa. Pale penye namba chache kubwa mno, toa thamani ya katikati badala ya wastani.

Usihamishe tokeo la eneo kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1950 mwanasosiolojia William Robinson alionyesha, kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1930, kwamba majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na wasiojua kusoma wachache, ilhali wahamiaji wenyewe walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma kuliko wenyeji. Walikuwa wamehamia majimbo ambako wenyeji walisoma. Vivyo hivyo, kata yenye taka nyingi na maskini wengi haithibitishi kwamba maskini ndio wanaozitupa. Huenda taka hizo hutoka kwingine.

Kisha shindana na maelezo mbadala moja baada ya jingine. Mafuriko yameongezeka tangu kalvati lijengwe, lakini je, mvua za miaka hiyo zililingana? Je, mapaa na sakafu viliongezeka upande wa juu? Je, mtaro ulisafishwa? Maelezo usiyoweza kuyaondoa, yataje kwa jina kwenye ripoti.

Hatua ya 9: Kuandika na kurudisha matokeo

Sura ya matokeo ifuate mnyororo wa swali, kuanzia uamuzi hadi mkazi, na si mpangilio wa maswali kwenye hojaji. Kila ramani iwe na skeli (kipimo cha umbali), mwelekeo wa kaskazini, tarehe ya data na chanzo chake. Mapendekezo yawe machache na kila moja liwe na mhusika anayeweza kulitekeleza. "Serikali iongeze juhudi" halina mhusika, ila "idara ya barabara ya mji ipanue kalvati na kuzibua mtaro kabla ya mvua" lina mhusika na lina wakati.

Warudie waliokueleza kabla ya kukabidhi ripoti. Bandika ramani kubwa mahali pa mkutano, wape kalamu, na uwaache wasahihishe: jina la kichochoro, mwaka wa mafuriko, kisima kilichofukiwa. Masahihisho hayo ni data, kwa hiyo yaandikwe na tarehe. Baada ya hapo, nakala ya kurasa chache kwa lugha nyepesi ibaki kwa wakazi, na nyingine yenye vipimo kamili iende kwa mpangaji wa mji. Katika viambatisho weka hojaji nzima, utaratibu wa sampuli, na maelezo ya kila mahali ulipopima pasipohatarisha mtu, pamoja na kimo cha usawa ulioutumia na kitu kisichohama ulichokipimia, kama msingi wa daraja au ngazi ya jengo la umma, ili mwingine akipima baada ya mvua zijazo namba zake ziweze kuwekwa kando ya zako.